Gita Kavu Katika Skimu

Barabara ya kutoka Eldoret kwenda Kitale inaandamana na reli. Reli hiyo ilifika Kitale mwaka 1926, ikajengwa kwa ajili ya mahindi na ngano ya masetla, na ukipita Soy ukaendelea hadi Moi's Bridge, ambayo wazee wengine bado huiita Hoey's Bridge, utayaona maghala makubwa ya nafaka yamesimama kando yake. Kabla hujafika Matunda, mkono wa kushoto, kuna njia za udongo mwekundu zinazokata kuingia mashambani. Fuata mojawapo kwa pikipiki na muda si mrefu umo ndani ya Kaunti ya Kakamega. Mgeni hushangaa. Kakamega anayoijua yeye ni msitu, ni mawe makubwa ya Ilesi, ni vilima vyenye nyumba zilizobanana. Hapa ni tambarare, baridi ya asubuhi inauma vidole, na mahindi yametanda hadi macho yachoke.

Hii ndiyo Likuyani. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa sehemu ya Lugari, mpaka ilipopata mbunge wake katika uchaguzi wa 2013. Zamani zaidi ilikuwa ardhi ya Wazungu, mashamba yasiyo na mwisho ambayo Mwafrika aliyaingia kama kibarua. Uhuru ulipokaribia, serikali ilianzisha mpango wa kununua ekari milioni moja kutoka kwa masetla, kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na kuzigawia familia zipatazo 35,000 nchini. Kuanzia 1962 watu wa Maragoli, Bunyore, Kisa, Tiriki na Idakho, walikotoka pamebanana hadi mtu anagombania ukingo wa mtaro na ndugu yake, walipanda huku juu na masanduku yao, kuku wao na mbegu zao. Wabukusu walikuwa karibu zaidi, nao wakaingia. Wazee wa Likuyani wakieleza maisha yao huanza na mwaka waliokuja "skimu", na kila kitu kingine hupimwa kutoka hapo.

Nilikwenda Desemba, mwezi ambao Waluhya wa Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani, magari yenye vitanda na magodoro juu yakipishana na malori ya mahindi. Nilikuwa nimealikwa makumbusho. Kwa wasiozijua desturi za magharibi ya Kenya: mazishi hufanywa kwa haraka na kwa machozi, lakini baada ya mwaka au zaidi familia huita watu tena. Kaburi limeshajengewa, madeni ya matanga yameshalipwa, na sasa watu wanaweza kumzungumzia marehemu bila koo kukauka. Ng'ombe huchinjwa. Hotuba huwa ndefu. Ni siku ya kumweka mtu mahali pake.

Marehemu alikuwa mpiga gita kavu. Hakuwahi kurekodi santuri wala kanda, jina lake halijaandikwa popote palipo na muziki, na familia yake ni watu wa kawaida wanaotaka kuishi kwa amani, kwa hiyo nitamwita Kuka, kama walivyomwita wajukuu zake na baadaye kijiji kizima. Alizaliwa Kisa, upande wa Mwihila, akaja skimu na baba yake akiwa kijana wa kuanza kunyoa ndevu. Kwa zaidi ya miaka hamsini alipiga gita kwenye harusi, matanga, tohara, vilabu vya pombe ya busaa, na kwa miaka michache mbele ya duka la mbolea sokoni, ambako mwenye duka alimlipa ili watu wasimame. Nilimsikia mara ya kwanza hapo. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuutafuta muziki huu, na kila nilipopita njia ya Kitale nilikata kushoto kumwamkia.

Alikuwa na mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kumwona. Mwalimu huyo ni George Mukabi.

Ukitaja jina la Mukabi katika Kisa, Marama au Bunyore mbele ya mtu mwenye umri wa miaka sabini, tazama mkono wake wa kulia. Mara nyingi kidole gumba kitaanza kutikisika chenyewe. Mukabi alitoka Kisa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwanzo wa 1960 hakuna mpiga gita wa magharibi ya Kenya aliyesikilizwa kuliko yeye. Aliimba kwa Kiswahili, jambo lililomfikisha mbali kuliko lugha ya nyumbani ambayo ingemwachia Kisa peke yake. "Sengula Nakupenda" ni wimbo wa mapenzi unaopigwa hadi leo na watu wasiojua nani aliutunga. "Mtoto si Nguo" umekuwa kama methali; nimeusikia ukinukuliwa na hakimu, na kasisi, na mama akimtetea binti yake. Mukabi alifariki mwaka 1963, akiwa bado kijana, mwaka uleule bendera ya Uingereza ilipoteremshwa.

Mwaka huo ndio ninaourudia kila nikifikiria habari hii. Wakati Mukabi anazikwa, watu wa kwao walikuwa wanafunga mizigo kwenda skimu. Hakuyaona mashamba haya. Hakupiga hata usiku mmoja Likuyani. Lakini sauti yake ilipanda nao kwenye malori, ndani ya santuri zile nzito zinazovunjika ukizitupia jicho, na zaidi ya hapo, ndani ya vidole vya vijana. Kuka alikuwa mmoja wa vijana hao. Aliniambia kwamba kule Kisa mwenye duka mmoja alikuwa na gramafoni, na kila Jumamosi aliiweka barazani kuvuta wateja. Mtoto asiye na senti alisimama nyuma ya nguzo, akasikiliza kidole gumba tu, akaenda nyumbani akijipigia paja njia nzima. Wiki iliyofuata alirudi kusikiliza kidole cha shahada. Hivyo ndivyo alivyojifunza, kidole kimoja kimoja, wiki baada ya wiki, mpaka siku moja vikakutana.

Mtindo huo huitwa omutibo. Mpigaji hatumii kipande cha plastiki wala kukwangua nyuzi zote kwa pamoja. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene kama miguu ya mtu anayekwenda sokoni bila haraka, hakisimami, hakiruki, na juu yake kidole cha shahada kinachonga sauti nyembamba zinazojibizana na mwimbaji. Ukifumba macho utadhani ni magita mawili. Aliyebobea hukudanganya mpaka ya tatu. Gita lenyewe ni la mbao, halina umeme, ndiyo maana tunaliita kavu. Na pembeni yake lazima kuwe na mtu wa chupa.

Mtu wa chupa wa Kuka alikuwa hai, na siku ya makumbusho alikuja kutoka Khwisero, akipanda matatu moja hadi nyingine tangu alfajiri. Alimsalimu mjane, "Mulembe, mukhaye," akaketi kando yake bila neno lingine kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba. Ndani ya soksi ya sufu kulikuwa na chupa ya Fanta ya zamani, ile ya kioo yenye miviringo iliyochongwa kuzunguka kiwiliwili chake. Aliishika kwa mkono wa kushoto, mdomo wa chupa ukielekea kwapani, akachukua msumari wa inchi sita uliochakaa ncha, akaupitisha juu ya ile miviringo mara moja, taratibu, kuisikiliza. Kioo kilikuwa kimelika upande mmoja. Miviringo ilikuwa imebaki kama kivuli pale ambapo chuma kilikuwa kimepita kwa miaka. Aliigeuza chupa robo, akajaribu upande mwingine, akaridhika.

"Siku hizi Fanta ni ya plastiki," akaniambia. "Plastiki haisemi."

Nilimwuliza kama amewahi kutafuta nyingine. Akasema anazo mbili nyumbani lakini mmoja wa wajukuu alizitilia mafuta ya taa, na ukishaitia mafuta ya taa chupa, sauti yake hairudi vizuri. Sijui fizikia ya jambo hilo. Ninajua kwamba mzee huyu amesikiliza chupa muda mrefu kuliko watu wengi wanavyosikiliza chochote.

Chupa hiyo haikuanzia kwa Kuka wala kwa mwenzake. Kundi lililoifanya ijulikane mbali ni Abana ba Nasery wa Bunyore: Shem Tube na Justo Osala kwenye magita, Enos Okola kwenye chupa ya Fanta. Walirekodi tangu miaka ya 1960, wakapigwa redioni, wakabadilika wakawa bendi za umeme kama Mwilonje Jazz na Super Bunyore Band wakati soko lilipotaka umeme, na kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaitwa Uingereza, wakazuru na kurekodi albamu ya kampuni ya GlobeStyle. Watu wa huko walistaajabu kuona chupa ikishika mdundo wa ukumbi mzima. Bunyore haikustaajabu.

Wala gita halikuota Kisa lenyewe. Askari wa King's African Rifles (KAR) waliorudi kutoka Burma baada ya 1945 walikuja na magita na tamaa ya kuyapiga. Kisha kutoka Katanga zilifika nyimbo za Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, na Edouard Masengo, ambaye Peter Colmore alimleta Nairobi. Wakongo hao walipiga kwa vidole viwili, kwa Kiswahili chao cha Lubumbashi, na vijana wa magharibi ya Kenya wakawasikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza mahubiri. Lakini sikiliza Bosco, kisha sikiliza Mukabi. Kwa Mukabi mkokoto ni mwingine. Kuna kitu cha litungu, kinubi cha nyumbani, ndani yake, ule mviringo wa nyuzi chache unaorudiarudia mpaka mwili unakubali, na kuna kishindo cha ngoma ya isukuti kwenye kile kidole gumba. Alichukua chombo kilichokuja na meli na gari-moshi akakifanya kizungumze kama bibi yake. Mimi naiita hiyo kazi ya akili kubwa, na nasikitika kwamba shuleni tulifundishwa majina ya watunzi wa Ujerumani na Austria kabla hatujaambiwa kwamba palikuwa na mtu wa Kisa.

Mji nao ulikuwa na wake. Daudi Kabaka, aliyezaliwa mwaka 1939, alichukua mdundo wa nyumbani akauweka kwenye magita ya umeme ya studio ya Equator Sound, Nairobi, akatuachia "Helule Helule", ambao Waingereza The Tremeloes waliuimba upya mwaka 1968 ukaingia kwenye chati zao. Alifariki Novemba 2001, na taifa likamwomboleza. Ninamheshimu Kabaka. Lakini Kabaka alikuwa na studio, na redio, na picha kwenye jalada. Watu kama Kuka walikuwa na jioni.

Nyumba ya Kuka imejengwa kwenye kipande kilichobaki baada ya shamba la skimu kugawiwa wana na kisha wana wa wana. Mahema mawili, moja la wageni na moja la wazee, yalikuwa yamesimama kwenye mabua yaliyokatwa. Wanawake walikuwa wameamkia sufuria kubwa nyuma ya nyumba, moshi ukiwafuata kila wanakohamia. Kulikuwa na spika mbili ndefu nyeusi zilizokodishwa Matunda, na kijana wa mitambo aliyevaa miwani ya jua chini ya mawingu. Tangu saa tatu asubuhi zilikuwa zikicheza nyimbo za injili kwa sauti ya kupasua kifua.

Vijana waliozoea spika hizo sitawalaumu. Wamekulia katika kile kinachoitwa disko matanga, ngoma ya usiku kucha kwenye nyumba yenye msiba, mchango ukikusanywa na nyimbo zikinunuliwa na aliye na pesa. Machifu na polisi huipiga marufuku kila mara kwa sababu ya yanayowapata wasichana gizani, na wana haki. Ila watu husahau kwamba kabla ya disko matanga palikuwa na matanga yenyewe, na kwamba usiku ule haukuwa kimya. Mtu kama Kuka aliitwa. Aliketi kwenye kigoda karibu na moto, si mbali na jeneza, akapiga kuanzia saa tatu usiku hadi jogoo. Hakulipwa kwa bei. Watu walimtuza, sarafu ikabandikwa kwenye paji la uso au kutumbukizwa kwenye tundu la gita, na kwa sababu hiyo gita lake lilikuwa likilia chaka-chaka ukilitikisa. Aliimba kumhusu marehemu. Alikuwa amewauliza watu alasiri: alipenda nini huyu, aligombana na nani, ng'ombe wake aliitwaje. Usiku akayaweka yote ndani ya wimbo wa Mukabi ambao kila mtu aliujua, maneno mapya juu ya kidole gumba kilekile. Kwa hiyo, kwa nusu karne, wafu wa sehemu hii ya Likuyani walisindikizwa na muziki wa mtu aliyekufa mwaka 1963, na Kuka ndiye aliyeushika ukawafikia.

Kanisani hakupendwa sana kwa miaka mingi. Gita lilihesabiwa chombo cha walevi. Binti yake mkubwa alisimama siku ya makumbusho akalisema hilo wazi mbele ya mchungaji, bila uchungu, akaongeza kwamba baba yake hakuacha kwenda ibada hata Jumapili moja, aliketi kiti cha nyuma, na alikuwa akiuimba wimbo wa kwanza wa ibada kwa sauti ya pili mpaka watu wa mbele wakageuka. Mchungaji aliitikia kwa kichwa. Alikuwa kijana, wa kizazi kingine, na kanisani kwake sasa kuna kinanda cha umeme na ngoma kamili.

Binti huyohuyo ndiye aliyelitoa gita. Halikuwa la kwanza. La kwanza lilikuja skimu na lori. La pili liliachwa nyuma mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, watu walipokuwa wakikimbilia popote palipo na watu wao, na waliporudi nyumba ilikuwepo lakini gita halikuwepo. Hili la tatu alinunuliwa na wanawe. Shingoni kulikuwa na penseli imefungwa kukaza nyuzi zote, kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Rangi ya penseli ilikuwa imetoka mahali palipogusana na chuma, na nyuzi zilikuwa zimechimba mitaro midogo sita kwenye mti wake. Uzi wa sita, ule mnene, haukuwa wa dukani. Ulikuwa waya wa breki.

Nilishika shingo ya gita nikaona kwamba upande wa kidole gumba, kwenye ubao wa mbele, varnishi ilikuwa imekwisha kabisa, mbao imekuwa laini na nyeupe, kwa upana wa sarafu ya shilingi ishirini. Mahali pengine pote gita lilikuwa zuri.

Nani alipige? Hapo palitokea ukimya wa watu kutazamana. Mwanawe wa kiume alijua nyimbo mbili. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya karibu alijua kupiga, lakini kwa mtindo wa kanisani, wa kukwangua. Mwishowe alisimama mjukuu, msichana aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, akasema anaweza kujaribu. Watu walicheka kidogo, kwa wema. Yule mzee wa chupa hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu na chake, akamwambia, "Kukhu, usiogope. Anza na kidole gumba. Mimi nitakungoja." Kukhu maana yake ni bibi; katika nyumba hizi mzee humwita mjukuu kwa jina la bibi yake, na yule msichana alikuwa na jina la mama yake Kuka, kwa hiyo alikuwa anamwita mama mtu kwa heshima yake yote.

Kijana wa mitambo akazima spika. Hilo peke yake lilibadilisha hewa ya uwanja. Msichana akaanza na kidole gumba, akakosea, akaanza tena. Chupa ilingoja kweli. Kisha ikaingia, kavu na nyembamba, kreki-kreki, kreki-kreki, na kidole gumba kikapata miguu. Alipiga "Sengula Nakupenda", wimbo ambao mtunzi wake alikufa zaidi ya miaka arobaini kabla yeye hajazaliwa. Alijifunza kwa babu yake barazani kipindi kile cha 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, akiwa mtoto asiye na la kufanya. Wanawake nyuma ya nyumba waliacha sufuria wakaja na miiko mkononi. Mama mmoja mzee alianza kuyumba mabega bila kuinuka kitini.

Baada ya chakula nilimwuliza msichana kama amewahi kumsikia Mukabi mwenyewe. Akasema ndiyo, kwenye simu. Kampuni ndogo ya Marekani, Olvido Records, ilizikusanya nyimbo za Mukabi katika albamu iitwayo *Furaha Wenye Gita*, na zinapatikana kwenye intaneti. Kampuni hiyohiyo imetoa pia mkusanyo wa wapiga omutibo wa vijijini. Mwana wa Mukabi, Johnstone Mukabi, naye aliushika mtindo wa baba yake na kuupiga. Msichana alisema aliposikia santuri yenyewe alishangaa: kuna mahali ambapo Kuka alikuwa akipiga tofauti. Kwanza alidhani babu alikosea. Kisha akagundua kwamba alikuwa akikosea palepale kila mara, kwa namna ileile, na kwamba yeye anapenda zaidi ya babu.

Hili nalitilia uzito. Tumezoea kufikiri kwamba muziki wa asili huhifadhiwa na santuri, na kwamba anayepiga kijijini ni nakala iliyofifia. Kwa Mukabi mambo yamekwenda kinyume. Kwa miongo kadhaa santuri zake hazikupatikana, duka lililoziuza lilifungwa, redio ikahamia kwingine, na wimbo uliishi kwa sababu kulikuwa na watu mashambani waliokubali kuubeba bila jina lao kutajwa. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda utungo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo nyimbo za Mukabi zimekuwa za umma tangu 2014. Yeyote anaweza kuziimba bila kumlipa mtu. Likuyani zilikuwa za umma zamani, na waliozitumia walizilipia kwa kuzifanyia kazi. Mwaka huohuo wa 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nilifurahi kama kila mtu. Lakini nikitazama viti chini ya lile hema sikuona sababu ya kumngojea mtu wa kutoka Paris. Waliobaki wanaojua kupiga chupa katika skimu nzima, mzee aliniambia, anaweza kuwahesabu na vidole vikabaki. Mtu akiwa na simu na mchana mmoja anaweza kufanya jambo la maana.

Msichana alikuwa ameshaanza. Alikuwa na daftari la hesabu lenye kurasa zilizoandikwa majina ya nyimbo za Kuka, na mbele ya kila moja: ya Mukabi, ya Mukabi, ya Bosco, ya kanisani, haijulikani, ya Mukabi. Alikuwa anatembea nalo kutoka kiti hadi kiti. Karibu na mwisho wa ukurasa wa tatu kulikuwa na wimbo mmoja uliopigiwa mstari mara mbili. Mbele yake ameandika: ya Kuka mwenyewe.

Wimbo huo unahusu mkopo. Waliopewa mashamba ya skimu walipewa na deni, na karani wa mikopo alipita na kitabu chake kila msimu, mvua iwe imenyesha au la. Kuka aliutunga kwa Kiluhya cha Kisa wakati wa mwaka mmoja mbaya, baada ya baba yake kuuza ng'ombe wa mahari kulipa fungu. Haukurekodiwa. Mjane anaujua ubeti wa kwanza, ambao una jina la yule ng'ombe. Mzee wa chupa anaujua wa pili, kwa sababu chupa inabadilisha mdundo hapo. Jirani mmoja Mbukusu, ambaye aliusikia vilabuni akiwa kijana, anakumbuka ubeti ambao wengine wanasema si wa wimbo huu. Wakaanza kubishana. Jirani akaapa kwamba karani anaanguka mtoni na kitabu chake. Mjane akasema mume wake hakuwa mtu wa kumwangusha mtu mtoni, karani alivuka salama na ndiyo maana wimbo unauma. Mzee wa chupa akasema beti zilikuwa nne, si tatu, na wa nne anaujua dada yake Kuka aliyeolewa karibu na Khwisero, kama bado anakumbuka.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea upande wa Webuye, na madereva wa pikipiki walikuwa wanapiga honi barabarani kuita abiria wa Matunda. Msichana akanyoosha simu katikati yao akawaomba waanze tena, jirani kwanza. Kisha akamwuliza mzee nauli ya kwenda Khwisero siku hizi ni kiasi gani, na kama anaweza kufuatana naye akirudi kesho.